Kujenga Kanisa ni Siku Moja, Kulitunza ni Siku Zote

Ndugu msomaji, watu wetu ni hodari wa kujenga. Likitolewa tangazo parokiani kwamba kanisa jipya litawekewa jiwe la msingi, utaona ahadi za mifuko ya saruji zikimiminika, kwaya ikiimba, na jina la kila mtoaji likisomwa hadharani na kupigiwa makofi. Lakini likitolewa tangazo kwamba gata la sakristia limetoboka, au shimo la choo limejaa, makofi hayasikiki. Leo yafaa tuzungumze juu ya tangazo hilo la pili, kwani nyumba haianguki kwa kukosa jiwe la msingi. Huanguka kwa kukosa mtu wa kuziba ufa.

Nawe msomaji usiye Mkatoliki, usiupite ukurasa huu upesi. Utakayoyasoma yanauhusu pia msikiti wako, shule ya mtaa wako na zahanati yako.

KAYA YA KAYA NYINGI

Parokia si jengo tu. Ni kaya kubwa iliyofanywa na kaya ndogo. Yuko paroko, wapo makatekista, viko vigango, na chini yake zipo jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 walitaka ziwepo jumuiya zenye kujihudumia, kujieneza na kujitegemea. Na walipokutana tena mwaka 1976 waliazimia kwamba kuzijenga jumuiya hizo ndiyo kazi ya kutangulizwa.

Maana ya azimio hilo tunaiona mitaani. Nyumba chache za jirani hukutana kila juma, aghalabu Jumamosi asubuhi, barazani kwa mmoja wao. Husoma Injili, husali, kisha huulizana: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hakuonekana? Huko ndiko zinakotoka zamu za kufagia kanisa, na huko ndiko mchango unakoanzia. Kwa hiyo mwenye kuuliza, "Parokia ni ya nani?" ajibiwe kwamba ni ya hao waliokaa barazani.

MAADUI WA JENGO

Hapa Dar es Salaam, karibu na bandari, limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Jengo la umri huo, tena mbele ya bahari, halisimami kwa nguvu za waliolijenga peke yao. Husimama kwa sababu wapo waliokuja baadaye wakalitunza.

Maadui wa jengo la pwani twawafahamu. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hula bati na msumari wake. Mchwa hupanda kimya kimya katika miguu ya mabenchi. Popo hukaa darini na kuichafua. Lakini adui mkubwa ni maji. Masika huanza Machi, na aghalabu Pasaka hutukuta katikati yake. Basi gata lisilosafishwa mwezi wa Februari litavuja juu ya vichwa vya waumini siku ile ile waliyovaa nguo zao nzuri kuliko zote. Hapo fundi huitwa kwa haraka, na kazi ya haraka ni ghali.

Parokia yenye busara huwa na daftari moja dogo la matunzo. Mwezi wa pili ni kusafisha magata na kukaza misumari ya paa. Baada ya masika, kukagua dari, mabenchi na nyaya za umeme. Wakati wa kiangazi, kupaka rangi na kunyonya choo. Jambo lililoandikwa lina mwenyewe; jambo lililoachiwa "tutaona" halina.

Tusivisahau vitabu. Kila parokia huandika ubatizo, ndoa na vifo. Mtu huweza kurudi baada ya miaka 40 akitafuta jina lake ili afunge ndoa, au athibitishe siku aliyozaliwa, na asiwe na karatasi nyingine duniani. Kitabu kilicholiwa na mchwa kimemla na mtu huyo. Kabati imara, lenye kufuli, lililoinuliwa kutoka sakafuni, si anasa.

UFAGIO UNA JINSIA?

Ukifika kanisani Jumamosi jioni utawakuta kina mama. Wanafagia, wanapiga deki, wanafua vitambaa vya altare, wanapanga maua. Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, yaani WAWATA, ulianza mwaka 1972, na hapana parokia isiyoonja jasho la wanachama wake. Lakini kina baba tujiulize: kwa nini ufagio uwe wa mama, na kiti cha mwenyekiti kiwe cha baba?

Miongoni mwetu wamo mafundi umeme, maseremala, mafundi bomba na waashi. Fundi akitoa Jumamosi moja tu kwa mwaka, ametoa sadaka ambayo bakuli la Jumapili halingeweza kuibeba. Na amchukue mwanawe ampe kushika ngazi. Mtoto aliyepaka rangi ukuta wa kanisa hatauchora mkaa.

FEDHA NA HESABU ZAKE

Mikono haitoshi, umeme, maji na saruji hudai fedha. Mfanyakazi wa mshahara mdogo anapotia zaka katika bahasha, au siku hizi anapoituma kwa simu, ameipunguza sufuria ya nyumbani kwake. Ana haki ya kujua imekwenda wapi.

Haki hiyo si ya kuombwa kwa hisani. Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1983 zinaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Zinaagiza pia kwamba waamini watolewe hesabu ya mali waliyoitoa. Karatasi moja ubaoni yatosha: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mahali ambapo hesabu husomwa wazi, minong'ono hufa njaa. Mahali ambapo hesabu hufichwa, hata paroko mwaminifu hudhaniwa mwizi, na bahasha hurudi tupu.

MLANGO USIFUNGWE

Limebaki jambo zito. Mara nyingi tunasikia ugomvi msibani. Marehemu, husemwa, hakuwa akihudhuria jumuiya. Kadi yake ya zaka haina alama. Basi viongozi wa jumuiya wasite kumwombea mazishi ya Kanisa. Wafiwa hulia mara mbili: kwa kifo, na kwa aibu.

Tuwe wa haki kwa pande zote. Jumuiya haiwezi kumtambua asiyejitambulisha, na wako wanaoweza kutoa lakini hawataki, kisha hudai kila huduma. Huyo aambiwe, lakini aambiwe akiwa hai, mbele ya uso wake, si mbele ya jeneza lake.

Wako wengine, nao ni wengi mijini. Yupo mlinzi anayerudi kutoka lindo wakati jumuiya inaanza. Yupo mama muuza mboga ambaye Jumamosi asubuhi ndiyo siku yake ya sokoni. Yupo mzee asiyeweza tena kushuka ngazi. Hao hawakuikimbia jumuiya. Maisha yamewashika mguu. Sheria zile zile za mwaka 1983 zinaonya kwamba mhitaji asinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wake, wala maskini wasikoseshwe mazishi yanayostahili. Mchango ni wajibu wa mwana katika nyumba ya wazazi wake. Si nauli ya kuingilia mlangoni.

Kwa hiyo kila jumuiya iwe na watu wawili wa kuzunguka kwa wasioonekana. Na kwa wafanyakazi wa zamu, siku ya kukutana iweze kubadilishwa mara moja moja. Jumuiya isiyojua kwamba jirani yake alilala kitandani miezi mitatu haina haki ya kushangaa kwamba hakuja.

Basi, ndugu msomaji, Jumapili ijayo kabla ya kuketi, inua macho uitazame dari. Ukiona alama ya maji, usiseme "watengeneze". Muulize mwenyekiti wako zamu ni ya nani, na kama haina mtu, iwe yako. Kisha ukitoka, tazama benchi ulilolizoea: nani alikuwa akikaa hapo, na sasa haonekani? Paa na jirani hutunzwa kwa jicho lile lile.

Tukutane Jumapili ijayo.