Semina za Kiingereza Zifike Darasani Mnazi

TANGU Januari, 2024, mtoto wa Tanzania Bara anayeingia Darasa la Kwanza katika shule ya Serikali anakutana na somo la Kiingereza mwaka huo huo. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2015, somo hilo lilimsubiri hadi Darasa la Tatu. Badiliko hili limemgusa mtoto, lakini limemgusa zaidi mwalimu. Yule aliyekuwa akifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili sasa anatakiwa kufundisha pia lugha ambayo wengi wa walimu hawa hawaisemi nje ya darasa.

Jambo lenyewe si dogo. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, na hiyo ni fahari yetu. Lakini mlango wa sekondari umebaki kuwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia na huko pia. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Kila mwananchi anaweza kuwa na rai yake juu ya uamuzi ule. Ila, maadamu mlango uko hivyo, ni dhuluma kumfikisha mtoto wa mkulima mlangoni bila ufunguo, hali mtoto wa mwenye uwezo amekwisha kununuliwa ufunguo huo katika shule ya kulipia.

Tuitazame Mnazi, kata ya Wilaya ya Lushoto iliyo tambarare chini ya Milima ya Usambara, kuelekea mpaka wa Kenya. Mtoto wa huko huanza na lugha ya nyumbani, Kisambaa au nyingineyo. Kiswahili hukipata kwa majirani, sokoni na shuleni. Kiingereza hakisikii popote ila kinywani mwa mwalimu wake. Kinywa hicho kikikosea, hakuna redio ya jirani wala mgeni wa njiani wa kumsahihisha. Kwa mtoto huyu, mwalimu ndiye lugha yote.

Sasa mwalimu huyo tunamwandaa vipi? Desturi tuliyoizoea inajulikana. Barua huja ikimtaka mwalimu mmoja afike mjini. Hupanda mlima, akakaa siku mbili au tatu ukumbini, akasikiliza hotuba ya ufunguzi na ya kufunga, akapewa daftari, posho na cheti. Akirudi, wenzake hawamwulizi alichojifunza, na mkaguzi haji kutazama kama somo limebadilika. Taarifa huandikwa kwamba walimu kadhaa wamepata mafunzo. Mtoto wa Darasa la Kwanza hamo katika taarifa hiyo.

Kosa la pili ni la ndani zaidi. Semina nyingi hufundisha mbinu: namna ya kugawa vikundi, kutumia picha, kuimba na kucheza. Mbinu ni njema, lakini mkono mtupu haulambwi. Mwalimu asiye na lugha yenyewe hawezi kuigawa, hata apewe mbinu mia. Sisi tuliopitia vyuo vya Kurani tunalijua hili. Mwalimu wa chuo hakuturuhusu kuichukua herufi kitabuni peke yake. Tuliipokea kinywani mwake, tukaitamka mbele yake, akaturudisha mpaka ikatoka mahali pake. Naye aliipokea vivyo hivyo kwa mwalimu wake. Lugha ya kigeni huingia kwa sikio na kwa kurudiarudia, na mwalimu wa Kiingereza naye anahitaji mtu wa kumsikiliza na kumrudisha.

Kwa bahati njema, chombo tunacho. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, umeweka jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule zenyewe, walimu wakutane na kusaidiana katika kazi yao. Huo ndio mwelekeo sahihi. Kinachotakiwa ni kuuheshimu kwa vitendo: saa ya jumuiya iandikwe katika ratiba, isiliwe na shughuli nyingine, na sehemu yake walimu waitumie kuzungumza na kusoma Kiingereza kwa sauti. Haba na haba hujaza kibaba. Saa moja kila wiki huzidi siku tatu za mjini.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kuwa Mnazi ni mbali nao. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu Darasa la Tano. Hapo lugha ya mwalimu si somo moja tena. Ni chombo kinachobeba masomo mengine. Mwalimu wa Makunduchi au Micheweni akiteleza katika lugha, hesabu nayo imeteleza. Lakini Visiwani wana jambo la kufunza Bara: vituo vya walimu vilivyoenezwa Unguja na Pemba, ili mwalimu asisafiri mbali kutafuta msaada. Mnazi inastahili kituo cha namna hiyo chini ya mlima.

Onyo la zamani tunalo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliandika kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari zetu hakikutosha kujifunzia. Baadaye ukaja mradi wa msaada wa Uingereza, ulioleta vitabu vya kusoma na mafunzo kwa walimu. Mradi ulikwisha, malalamiko yakabaki. Mradi wa mgeni una siku yake ya kufungwa. Shule ya Mnazi hufunguliwa kila Jumatatu.

Kwa hiyo, tunawaomba viongozi wa elimu mambo matatu. Mafunzo yafanyike katika kata, si mjini tu. Yaanze na lugha ya mwalimu, kisha mbinu. Na Ofisa Elimu Kata aingie darasani baada ya mafunzo, amsikilize mtoto, ndipo aandike taarifa. Hesabu ya vyeti haitoshi. Atakapoweza mtoto wa Mnazi kujibu swali la mwalimu wake kwa Kiingereza bila hofu, hapo tutasema semina imefanyika.