Kitabu cha Lugha Si Kitabu cha Saketi!

Nimechoka na ushauri ule ule. Kijana anasema anataka kujifunza kubuni saketi za dijitali, anajibiwa papo hapo: "Tafuta kitabu cha Verilog." Mwingine anadakia: "Wapi! VHDL ndiyo yenyewe." Hapo tena ni Simba na Yanga. Kijana wa watu anajinyima chakula, ananunua kitabu, na baada ya miezi mitatu hajui hata anajenga nini.

Mimi kazi yangu ni habari, lakini vitabu nasoma, na hili nalisema wazi: ushauri huo ni mbovu.

Kwa nini? Verilog ilizaliwa mwaka 1984 katika kampuni ya Gateway Design Automation, kwa ajili ya kuigiza saketi ndani ya kompyuta. VHDL ilianzishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikawa kiwango cha IEEE mwaka 1987. Wizara ilitaka vifaa inavyonunua viwe na maelezo yanayoeleweka. Kugeuza maandishi hayo kuwa saketi ya kweli kulikuja baadaye. Ndiyo maana lugha zote mbili zina mambo yanayofaa kwenye kuigiza tu. Andika "subiri nanosekunde 10": kwenye kuigiza itasubiri, kwenye chipu hutapata kusubiri huko. Kitabu kinachokumwagia sarufi yote bila kukuonya kinakupoteza.

Mfano mwingine. Kwenye lugha ya C, kuandika "if" bila "else" si kosa. Kwenye saketi isiyoendeshwa na mapigo ya saa, mara nyingi umeiamuru ishikilie thamani ya zamani. Umezaa kumbukumbu usiyoiomba! Asiyejua saketi hataliona kosa hilo hata akikariri kitabu kizima.

Sasa tufanye nini? Tuanze na saketi. Kitabu cha David Harris na Sarah Harris, Digital Design and Computer Architecture, kinaanza na sifuri na moja, kinakuja kwenye malango ya mantiki, halafu flipu-flopu. Lugha zinasubiri hadi sura ya 4! Na katika toleo la RISC-V la mwaka 2021, SystemVerilog na VHDL zimewekwa ubavu kwa ubavu, pamoja na michoro ya saketi zinazotokea. Ubishi kwisha.

Asiye na msingi kabisa ashike The Elements of Computing Systems cha Noam Nisan na Shimon Schocken, toleo la pili la mwaka 2021. Unaanza na lango la NAND, unafika kwenye kompyuta nzima. Lugha yake ni ya kufundishia tu, sawa, lakini kichwa chako kitakuwa kimezoea kuona saketi.

Ukiwa dukani au maktaba, fungua kitabu katikati. Kurasa 10 za maandishi bila mchoro hata mmoja? Rudisha. Hakifundishi namna ya kupima ulichobuni? Rudisha. Ni cha Verilog ya kabla ya kiwango cha mwaka 2001? Kiache, hata kama ni cha bure.

Programu za kujaribia, GHDL na Icarus Verilog, hazilipiwi. Senti zako chache zitunze kwa kitabu kimoja kizuri. Na wewe mshauri, kabla hujataja jina la lugha, muulize kijana kwanza: unaweza kuichora?