Andika Jina Kando ya Tili Yako

Ukitembea mjini Embu siku ya soko, nambari za kulipia utaziona kila mahali. Ziko juu ya mlango wa kinyozi, kwenye kioo cha matatu, kwenye ubao wa mama wa viazi, hata kwenye helmeti ya mtu wa boda. Zingine zimechapishwa vizuri na zingine zimeandikwa kwa chaki. Sisi tukiziona tunafurahi. Huduma ya pesa kwa simu ilipoanza hapa Kenya mwezi Machi 2007, kazi yake kubwa ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Leo watu wanalipia hata mandazi.

Lakini mabango mengi yana nambari peke yake. Jina la aliyesajili hiyo nambari halipo, na tunaona hiyo ni kasoro ambayo wafanyabiashara wanaweza kuiondoa wenyewe, bila kungoja mtu.

Wacha tueleze. Sema umeingia kibanda cha chai pale Runyenjes. Mlangoni pameandikwa jina la hoteli kwa rangi kubwa. Umekunywa chai, umekula chapati mbili, sasa unalipa. Unaweka tili, unaweka shilingi 80, halafu simu inakuonyesha jina ambalo hujawahi kulisikia. Unamwangalia mwenye hoteli. Anakwambia, "Ni hiyo hiyo, weka tu." Unaweka, na kweli ni hiyo. Tili ilisajiliwa na dada yake, ama biashara ilibadilisha jina na tili ikabaki na lile la zamani.

Hapo hakuna aliyeibiwa. Ila mteja ametoka na somo bila kujua: kwamba jina likitokea kwenye simu, unalipita tu. Akilipa hivyo mara tano kwa wiki, kidole kinazoea. Siku mkora akibandika karatasi yenye tili yake juu ya ile ya duka, ama mteja akikosea tarakimu moja, simu itaonyesha jina geni vilevile. Na kidole kitabonyeza vilevile.

Halafu kuna haraka. Panda matatu kutoka Embu kwenda Meru, upitie Chuka na Nkubu, uangalie vile watu wanalipa. Kwenye steji, ndizi zinauzwa kupitia dirishani. Muuzaji anataja nambari, dereva ameshaingiza gia, makanga anagonga mlango, na abiria ana sekunde chache za kuandika tarakimu zote, kiasi, na nambari ya siri. Abiria wa kiti cha nyuma naye anapiga kelele, "Mzee, lipa twende!" Katika hali kama hiyo nani atasoma jina?

Ukifika Maua, haraka ina sababu nzuri zaidi. Miraa ni mali ya kuharibika. Ikikaa inanyauka, na ikinyauka bei imeanguka. Magari ya kuipeleka Nairobi hayangoji mtu. Kwa hivyo hatutawaambia watu wa Igembe, ama wa muguka kule Mbeere, wafanye biashara polepole. Tungesema hivyo wangetucheka, na wangekuwa na haki.

Kwa sababu haraka haitaisha, tunataka kusoma jina kuwe jambo la kutupa jicho mara moja. Kama ubaoni pameandikwa nambari na chini yake jina lile lile linalotokea kwenye simu, mteja analinganisha kwa jicho moja. Yakifanana, analipa. Yasipofanana, anasimama. Haulizi mtu na hakuna anayemwambia "weka tu."

Na jina liandikwe lote. Meru nzima ina akina Kinoti na Kathambi wangapi? Embu ina akina Njeru na Nyaga wangapi? Jina moja halitoshi kumtofautisha mtu na jirani yake, sembuse mtu wa kaunti nyingine ambaye nambari yake imepishana na yako kwa tarakimu moja.

Tunajua kuna wafanyabiashara hawataki. Wengine wanasema wakiandika jina, majirani watajua biashara ni ya nani hasa. Tunaelewa, maanake mambo ya pesa huleta maneno hata ndani ya familia. Lakini jina hilo si siri tena. Kila mteja anayekulipa analiona kwenye simu anapolipa, na analipata tena kwenye ujumbe wa kuthibitisha. Kuliandika ubaoni hakumwonyeshi mteja kitu kipya. Kama jina lililo kwenye tili halihusiani tena na biashara yako, hiyo ni sababu ya kwenda kwa mtoa huduma wako kuuliza namna ya kulibadilisha.

Mteja naye ana kazi yake. Nambari ya tili isome ukutani mwenyewe, na ukitajiwa kwa mdomo, irudie kwa sauti kabla ya kuendelea. Jina likikushangaza, uliza kwanza, hata kama makanga amekasirika. Ukiwa na shosho ambaye hasomi maandishi madogo vizuri, msomee jina, lakini nambari ya siri aiweke mwenyewe.

Kwa nini tunasisitiza sana mambo ya kabla ya kulipa? Kwa sababu baada ya kulipa, mambo ni magumu. Ukigundua umekosea, piga simu kwa mtoa huduma wako papo hapo, usingoje ufike nyumbani. Kama pesa bado iko, kuna njia ya kuomba irudishwe. Kama aliyeipokea ameshaitoa, utafuata safari ndefu. Sheria iko upande wako: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inasema kuzuia kwa kukusudia malipo yaliyokufikia kimakosa ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, ama kifungo kisichozidi miaka 2, ama vyote viwili. Lakini mama aliyepoteza shilingi 1,500 za mbegu hana siku za kuzunguka kituo cha polisi. Msimu wa mvua haumngoji.

Kwa hivyo wewe mwenye kibanda Gakoromone, wewe mwenye duka Siakago, wewe wa boda pale Makutano: jilipe shilingi 10 kwa tili yako mwenyewe kutoka simu ya rafiki. Uone jina gani linatokea. Halafu chukua kalamu ya wino mzito uliandike chini ya nambari, herufi kubwa, mtu aliyesimama mlangoni aweze kulisoma. Kila asubuhi ukifungua, angalia kama kuna karatasi imebandikwa juu yake.