Lawama za Vijana na Bando la Usiku

Lawama wanazotwikwa vijana wa zama hizi kwa kukesha na simu ni nyingi kupita kadiri, na wanaozitoa aghalabu ni wazee ambao wao wenyewe arusini, matangani, na hata barazani baada ya sala ya isha, huinamia simu zao wakisambaza uvumi katika makundi ya ukoo. Lakini hilo nitaliacha lipite, maana aibu ya baba haimtoi mwana katika taabu yake. Nisemalo ni kwamba uraibu huu haufasiriki kwa upungufu wa adabu peke yake, kwa kuwa chombo chenyewe kiliundwa makusudi kisiwe na kikomo.

Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na mchezo wa redio, hata ukinoga vipi, husimama kupisha taarifa ya habari. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa usio na chini, ambao kila msomaji akaribiapo ukingo wake huongeza mengine bila ya kumtaka ridhaa. Na ijapokuwa baadaye mwenyewe alidhihirisha majuto, ubunifu huo umekwisha kuenea karibu katika kila mtandao ambao vijana wetu wanaujua. Sean Parker, rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alikiri hadharani mwaka 2017 kuwa waasisi walikuwa wakijiuliza ni kwa hila gani watautwaa muda na fikira za watu kwa wingi iwezekanavyo, na kwamba zile "laiki" na maoni yanayomjia aliyetuma picha ziliwekwa zimwonjeshe furaha kidogo kidogo, ili arudi atume tena. Mtoto wa miaka 15 wa Temeke au Kisauni akishindanishwa na wahandisi wanaolipwa kwa kazi hiyo, insafu yatutaka tuone kuwa ameonewa.

Katika nchi zetu dhiki hii huzidishwa na bei. Bando la usiku huuza intaneti nyingi kwa fedha chache, kwa sharti itumike kati ya usiku wa manane na alfajiri. Na kijana asiye na kipato, ambaye kwa fedha zizo hizo mchana angepata video mbili tatu tu, anapochagua kukesha huwa amepiga hesabu sahihi kuliko sisi tunaomkemea. Asubuhi mwalimu humkuta amelalia dawati, akamwita mvivu.

Australia imekata shauri kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa, na sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Siioni ikifaa huku kwetu, ambako simu moja huzunguka nyumba nzima na laini imesajiliwa kwa jina la mama au la mjomba. Saa za bando, lakini, zimo katika uwezo wetu: Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipozusha manung'uniko Tanzania, serikali ilizisitisha mara moja. Basi mamlaka za mawasiliano, Tanzania na Kenya, ziyatake makampuni yauhamishe unafuu huo kutoka usiku wa manane hadi saa kumi alasiri, wakati ambapo wanafunzi wamekwisha rudi nyumbani na wazazi, endapo wameziweka chini simu zao, wanaweza kuona kinachotazamwa.