Ubalozi wa Uswisi Tehran, tarishi wa Marekani na Iran

Marekani haina ubalozi Iran. Ila ikiwa na neno la haraka, inajua pa kubisha hodi: ubalozi wa Uswisi mjini Tehran.

Mambo yalianza Novemba 4, 1979, wanafunzi walipouvamia ubalozi wa Marekani. Wamarekani 52 walishikiliwa siku 444. Aprili 1980 Washington ikavunja uhusiano, na mwezi uliofuata Uswisi ikakubali kuiwakilisha.

Kazi ya kila siku ni ya kawaida tu: pasipoti za Wamarekani walioko huko, vyeti, kufuatilia waliofungwa. Kwa wafungwa ndiyo kuna ugumu, maana mwenye uraia pacha Iran humhesabu kuwa raia wake tu.

Uzito wake huonekana hali ikichafuka. Januari 2020, baada ya Marekani kumuua Jenerali Qassem Soleimani, ujumbe wa Washington ulifika Tehran kupitia Waswisi, tena kwa faksi ya siri. Naam, faksi. Iran ikajibu kwa njia hiyohiyo. Hadharani viongozi walitupiana maneno makali, kumbe chini chini wanaongea.

Juni 2025, mabomu yalipoanguka Tehran, ubalozi huo nao ulifungwa kwa muda na wafanyakazi wakaondoka nchini. Uswisi ilisema jukumu lake linaendelea. Sawa, barua inaweza kupita Bern. Lakini kwa familia yenye ndugu aliyefungwa Tehran, hakukuwa tena na mtu pale wa kwenda kumuulizia.