MPAKA USIWE UKUTA

Siku ya soko la Taveta, mama wa Himo hupanda gari mpaka Holili. Hapo hushuka na mkungu wake wa ndizi, akavuka, kisha akatafuta pikipiki upande wa pili. Analipa nauli mara mbili, na mzigo hupakuliwa mara mbili, kwa safari iliyo fupi kuliko ya Himo kwenda Same. Jioni hurudi vivyo hivyo. Twauliza: kosa lake ni nini?

Barabara si kisingizio tena, maana lami imefika pande zote mbili, na kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kimekwisha jengwa. Mabasi ya masafa marefu huvuka mipaka yetu. Lakini mkulima na mchuuzi wa mpakani hawaendi Nairobi. Wao wataka gari dogo la kila siku, Moshi mpaka Taveta, bila kushuka.

Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, wapeleke askari kupigana na Wajerumani. Baadaye ikaungana na reli ya Tanga pale Kahe. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka ukafungwa hadi 1983. Jumuiya imefufuliwa kwa mkataba wa 1999, lakini treni ya abiria haivuki. Yaani wageni waliweza kuvusha bunduki, nasi tulio huru tumeshindwa kuvusha ndizi!

Wako wasemao kwamba magendo yatazidi. Hatukubali. Magendo hupita njia za panya usiku. Gari lenye leseni na ratiba hupita mchana mbele ya macho ya afisa.

Twataka mambo mawili. Kwanza, Serikali zote mbili zitoe leseni nafuu kwa magari madogo ya mpakani. Pili, mwananchi avuke kwa kitambulisho chake cha taifa, kama Kenya, Uganda na Rwanda zilivyokubaliana kuanza mwaka 2014.

Ndugu wanachama, jambo hili lijadiliwe katika kila tawi la mpakani, kisha wabunge wetu, pamoja na wale wa Bunge la Afrika Mashariki, waulizwe waziwazi. Umoja hautajengwa kwa hotuba za Arusha pekee. Utajengwa siku mama yule atakapopanda gari Himo na kushukia sokoni.