Maoni Yetu Mliyachukua, Jibu Liko Wapi?

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,

Jina la kamati yako sitaliandika hapa. Wewe unajijua, na sisi tulioketi mbele yako kwenye viti vya plastiki, tukaandika majina na nambari za simu kwenye karatasi iliyopita mkono kwa mkono, tunakujua pia. Nakuandikia kwa heshima niliyolelewa nayo, lakini sitakuficha kwamba nina hasira.

Kikao unakikumbuka. Kilikuja baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Ziwa Naivasha lilipoingia mtaa wetu wa Kihoto na majirani wangu wakatolewa kwa mashua. Mlituambia mnatayarisha mpango wa kutunza mazingira, na kwamba sheria inataka wananchi washauri kabla mpango haujapitishwa. Tukashauri. Tulisema mambo matatu na karani wako akayaandika. Kwanza, mweke bikoni zinazoonyesha ziwa linaweza kufika wapi, ili anayenunua ploti ajue anachonunua. Pili, mlete magari ya kunyonya maji taka kwenye nyumba za chini kabla ya mvua, na vyoo vya shimo vilivyo karibu zaidi na maji vifungwe. Tatu, mtafute mapema mahali pa watu kuhamia.

La vyoo ndilo tulilolikazia. Mzee mmoja alilisema, mama muuza samaki akalirudia, nami nikasimama nikalisema tena kwa sababu niliona karani ameweka kalamu chini.

Jibu halikuja. Hamkusema ndiyo, hamkusema hapana, hamkusema hata kwamba pesa hazikutosha. Mwishoni mwa 2025 ziwa likapanda tena, likaingia majumbani, na maelfu ya watu wakahama Kihoto. Safari hii vyoo vyetu vilikwenda na maji. Kila shimo tulilowaonyesha limo ndani ya ziwa, pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Mimi nilikuwa na vyumba vinane vya kupangisha. Nilivijenga kwa mkopo wa sacco, jiwe kwa jiwe, na mkopo huo bado nautumikia. Wapangaji wangu walikuwa vijana wa mashamba ya maua, watu wa kukata na kufunga waridi, wanaotoka alfajiri kupanda basi la kampuni. Leo hakuna mpangaji. Maji yamefika kwenye madirisha, mabati yameanza kushika kutu, na hati miliki yangu ni karatasi halali ya kipande cha ziwa. Ushuru wa ardhi niliulipa. Aliyeupokea hakuwahi kunionyesha jiwe lolote la kuniambia kwamba hapa ni njia ya maji. Hilo ni pigo langu na nitalibeba. Lakini la vyoo si langu peke yangu, na ndiyo sababu barua hii ni ya wazi.

Fikiria, Mheshimiwa, maana yake. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Mito ya Malewa, Gilgil na Karati huingia, na mbali na yanayogeuka mvuke, maji hupata njia ya kutokea chini ya ardhi. Ndiyo maana ziwa letu si la chumvi kama Nakuru au Elementaita. Kinachoingia humo hakina mto wa kukichukua. Kuna watoto wanaovuka maji hayo kwenda shule. Kuna akina mama wanaofua humo kwa sababu mifereji imekatika. Kuna visima vifupi vilivyofunikwa, na wenyewe wameanza kuvitumia tena mahali maji yalipopungua. Kuna samaki wanaovuliwa juu ya paa zetu na kuuzwa mjini. Vyoo vyetu vimo ndani ya maji hayo, na mlikuwa mmeambiwa.

Viboko wanaolala kwenye ua wa watu, magugu maji yaliyoziba njia za mashua, shule zilizofurika: hayo wengine watayaandika.

Utaniambia ziwa ni kazi ya Mungu. Kupanda kwake, sawa. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilisema kaya karibu 76,000 zilikuwa zimeathirika, kuanzia Turkana na Baringo hadi kwetu, na hakuna kamati ingeyazuia maji hayo. Lakini ripoti hiyo ilitoka miaka mitatu kabla hamjatuita ukumbini. Mlijua maji yanapanda. Hamkuhitaji kulizuia ziwa. Mlihitaji lori lenye pampu na dereva, na siku chache za kazi kabla ya mvua.

Naivasha haijawahi kukosa kamati. Wenye mashamba makubwa walikuwa na chama chao na makubaliano na serikali ya kikoloni mwaka 1933, kuhusu ardhi inayobaki wazi maji yanapopungua. Ziwa likaingia katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani mwaka 1995, na chama hicho kikatuzwa kimataifa mwaka 1999 kwa kulitunza. Mpango wa usimamizi ukatangazwa katika Gazeti la Serikali mwaka 2004, ukakwama mahakamani kwa sababu kulikuwa na watu waliosema hawakuhusishwa. Kisha ukaja ukame wa 2009. Ziwa likarudi nyuma, biashara ya maua ikatikisika, wanunuzi wa Ulaya wakauliza maswali, na kufikia 2011 bodi ya Imarisha Naivasha ilikuwa imetangazwa katika Gazeti hilo kuwaleta pamoja wakulima, wavuvi, wafugaji na serikali. Vyama vya watumiaji maji vikagawana maji ya Malewa kwa utaratibu ulioandikwa.

Sidharau kazi hiyo. Ilikuwa nzuri na ilihitajika. Ninachokiona ni kwamba ziwa lilipopungua, waliopata hasara walikuwa na simu za kupiga, na mashauri yao yakawa taasisi. Lilipopanda, waliozama ni wapangaji wa Kihoto, na mashauri yao yamelala kwenye faili. Vyombo vyote hivi vilijengwa kwa hofu ya maji kwisha. Maji yalipozidi, ilibaki kamati yako, nayo ilikuwa na karatasi ya mahudhurio.

Hiyo karatasi ndiyo inayoniuma. Nimekuja kuelewa kwamba kwenu ndiyo iliyokuwa shabaha ya kikao. Ukiwa na majina na sahihi zetu, unaweza kuiambia mahakama, mkaguzi au mfadhili kwamba umma ulishirikishwa. Tulichosema hakina kazi tena. Jina langu limo kwenye karatasi inayothibitisha kwamba mpango wenu ulipata baraka zetu, na mpango huo hauna neno hata moja kuhusu choo. Nimeusoma ukurasa kwa ukurasa. Una miti itakayopandwa, una sherehe za siku za mazingira, una semina. Vyoo vyetu viko ziwani, na ndani ya mpango wenu havijawahi kuwako.

Na si kamati yako tu. Ni desturi iliyoenea kaunti hadi kaunti. Tunaitwa kutoa maoni juu ya bajeti ikiwa imeshachapishwa. Tunaitwa juu ya mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, tunapewa kitabu kizito kwa Kiingereza asubuhi ile ile ya kikao. Sasa wadi nyingi zina kamati ya mipango ya mabadiliko ya tabianchi, chini ya fedha zinazotoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na nimewaona watu wazuri, wakulima na akina mama wa vikundi, wakijitolea humo. Nawaogopea. Watakaa, watachambua makorongo na mabomba ya mitaa yao kwa ujuzi ambao hakuna mshauri wa Nairobi anao, kisha watasubiri jibu kama sisi.

Sheria haikuandikwa hivyo. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kutunza mazingira. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatupa haki ya kupeleka maombi katika kifungu cha 88, na kifungu kinachofuata kinazitaka mamlaka za kaunti zijibu bila kuchelewa. Zijibu, Mheshimiwa. Kifungu cha 92 kinamtaka gavana apeleke kwenye bunge la kaunti ripoti ya kila mwaka kuhusu ushiriki wa wananchi. Katika ripoti ya mwaka ule, kikao chetu kiliandikwaje? Kama mafanikio?

Ninachotaka ni hiki. Kumbukumbu za kikao kile zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu na ofisi ya wadi, kwa Kiswahili, na mbele ya kila shauri tulilotoa pawe na jibu: limekubaliwa, limekataliwa, au limeahirishwa, na kwa nini. Maji ya Kihoto yapimwe na majibu yabandikwe pale pale, hata kama yanatisha. Vyoo ambavyo maji hayajavifikia vinyonywe sasa, kabla ya mvua ndefu. Mstari wa ziwa uwekewe bikoni ambazo mtoto anaweza kuziona, na hati yoyote iliyotolewa ndani yake ichunguzwe kuanzia kwa aliyeitia sahihi, si kuanzia kwa mjane aliyeinunua. Na hadi hayo yabandikwe, usituite kikao kingine. Ukituita, mimi nitakuja, lakini karatasi ya mahudhurio sitaitia sahihi, na nimeshaongea na majirani kuhusu hilo.

Mimi sitaki kuombwa radhi. Nataka nijue nani alilisoma shauri letu la vyoo, na alipomaliza kulisoma alifanya nini.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwenye serikali ya kaunti kama ombi rasmi chini ya kifungu cha 88, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Jibu lipelekwe kwa chifu; nyumbani kwangu barua haifiki tena.

Wako,
Mkazi wa Kihoto, Naivasha